Hadubini ya wengi: Aina, kazi na utunzaji wake katika maabara za Eldoret

MGONJWA anapofikishwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi jijini Eldoret akiwa na homa isiyojulikana chanzo chake, hatima yake aghalabu huamuliwa na kipande cha kioo chenye urefu wa sentimita 7.5 na upana wa sentimita 2.5. Juu ya kioo hicho hutandazwa tone la damu, makohozi, au nyama ya mwili iliyokatwa ikawa nyembamba kuliko unywele zaidi ya mara kumi. Mtaalamu wa maabara huinamia hadubini, naye akiinuka huwa na jibu. Jibu hilo ndilo litakaloamua iwapo mgonjwa atarejea nyumbani na tembe za malaria, ataanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi sita, au atapelekwa wodi ya saratani. Mtaalamu akikosea, mgonjwa hana njia yoyote ya kujua.

Makala haya yanaeleza chombo hicho: jinsi kinavyofanya kazi, aina zake, na sababu ya taasisi za utafiti duniani kuacha mtindo wa kila mtu na hadubini yake na kuanzisha maabara za pamoja. Wengine hukiita darubini, lakini darubini ni ya kutazamia vilivyo mbali. Cha kutazamia vilivyo vidogo ni hadubini.

Hospitali, chuo na maabara chini ya paa moja

Hospitali ya Moi, ifahamikayo zaidi kwa kifupi chake MTRH, ilianza mwaka wa 1917 ikiwa hospitali ndogo, na mwaka wa 1998 ikapandishwa hadhi kuwa hospitali ya rufaa ya kitaifa. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka wa 1984 huko Kesses, kiliamua kuweka kitivo chake cha udaktari mjini, kandokando ya hospitali, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka wa 1990. Mwaka wa 2001 ukaja mpango wa AMPATH, uliobuniwa na hospitali, chuo hicho na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ili kuwatibu wagonjwa wa Ukimwi, na pamoja nao maabara ya rufaa ya kupima sampuli kutoka kliniki za magharibi mwa Kenya. Nje kidogo ya mji, bewa la Chepkoilel lilipewa hati ya kujitegemea mwaka wa 2013 likawa Chuo Kikuu cha Eldoret, likiwa na idara za kilimo na baiolojia ambazo nazo haziwezi kufundisha bila hadubini. Mji wenyewe ulipandishwa kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024.

Kwa hivyo daktari, mwanafunzi na mtafiti wa Eldoret wamezoea kugawana vifaa tangu mwanzo. Isitoshe, sampuli zinazofika hapo ni za namna nyingi. Eldoret iko katika mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya bahari, penye baridi, lakini hupokea wagonjwa kutoka Turkana na Pokot kwenye joto, kutoka Bonde la Kerio, na kutoka nyanda za Busia na Bungoma ambako malaria haikatiki mwaka mzima. Ni maabara chache nchini ambazo meza moja inaweza kupokea malaria, kifua kikuu, kala-azar na saratani ya watoto kwa siku moja.

Mwanga na mipaka yake

Hadubini ya mwanga ni chombo chepesi kueleweka. Taa iliyo chini hupitisha mwanga katika sampuli. Lenzi iliyo karibu na sampuli hukuza taswira. Lenzi iliyo karibu na jicho huikuza tena. Lenzi ya chini ikikuza mara 100 na ya juu mara 10, mtazamaji huona kitu kikiwa kimekuzwa mara 1,000. Kati ya lenzi kubwa na kioo hutiwa tone la mafuta maalumu yanayopinda mwanga sawasawa na kioo chenyewe, ili miali isipotee hewani. Bila tone hilo, lenzi ya mara 100 haina faida.

Lakini kukuza si kuona. Picha ya gazeti ukiisogeza karibu na macho huoni habari zaidi. Unaona nukta za wino. Mwaka wa 1873, mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alieleza kwamba mwanga wenyewe una kikomo: vitu viwili vikikaribiana kupita takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, huonekana kuwa kitu kimoja. Kwa mwanga uonekanao na lenzi bora, kikomo hicho ni kama nanomita 200, yaani sehemu moja kwa tano ya mikromita. Mikromita moja ni sehemu moja kwa elfu ya milimita.

Vipimo hivyo vina maana kubwa hospitalini. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, na kimelea cha malaria hukaa ndani yake kikionekana vizuri. Bakteria wa kifua kikuu ana urefu wa mikromita 2 hadi 4 lakini wembamba wake unakaribia kikomo cha Abbe, ndiyo maana huonekana kama kijiti tu. Virusi vya Ukimwi, vyenye upana wa takriban nanomita 120, haviwezi kuonekana kwa hadubini ya mwanga. Kwa hivyo kliniki hupima damu kwa njia nyingine.

Malaria ya milimani

Kimelea cha malaria kilionekana kwa mara ya kwanza mnamo Novemba 6, 1880, pale daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alipotazama damu ya askari huko Constantine, Algeria. Rangi inayotumika hadi leo kukipaka, ya Giemsa, ilitangazwa mwaka wa 1904. Zaidi ya karne moja baadaye, mtaalamu wa Eldoret hufanya karibu kazi ile ile. Hutandaza tone nene la kutafutia vimelea na tone jembamba la kutambulia aina yake. Kabla ya kuandika kwamba damu haina malaria, hutakiwa kukagua angalau nyuga 100 za tone nene. Akiviona vimelea, huvihesabu hadi afikishe chembe nyeupe 200, kisha huzidisha idadi kwa 8,000 na kugawa kwa 200 ili kupata kiwango katika kila mikrolita ya damu.

Hesabu hiyo si ya kujaza fomu tu. Nyanda za juu za Uasin Gishu, Nandi na Kericho zilikumbwa tena na milipuko ya malaria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtu wa Kisumu au Busia aliyeumwa na mbu tangu utotoni anaweza kutembea na vimelea bila kuugua sana. Mtu wa milimani, ambaye mwili wake haujazoea, huweza kulemewa na vimelea vichache. Kwake jibu la "vimelea vichache" halimaanishi hatari ndogo.

Wapo wanaosema kipimo cha haraka cha kidoleni kimeifanya hadubini ya malaria kupitwa na wakati. Hoja hiyo ina ukweli kwa zahanati isiyo na umeme. Hata hivyo, vipimo vingi vya aina hiyo hutafuta protini moja ya kimelea iitwayo HRP2, na katika Pembe ya Afrika, hasa Eritrea, Djibouti na Ethiopia, imethibitishwa kwamba vipo vimelea visivyotoa protini hiyo kabisa. Kipimo husema hakuna, ilhali damu imejaa. Aidha, protini hiyo hubakia katika damu kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kikadhaniwa kwamba dawa imeshindwa. Hadubini haidanganyiki namna hiyo, ingawa yule anayeitazama anaweza kuchoka.

Makohozi na taa ya buluu

Robert Koch alitangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu mjini Berlin mnamo Machi 24, 1882, siku ambayo sasa ndiyo ya kifua kikuu duniani. Mbinu iliyofuata ya kupaka makohozi rangi nyekundu na kuyaosha kwa asidi ilidumu katika hospitali zetu kwa miongo mingi. Udhaifu wake unajulikana: ili bakteria waonekane, mililita moja ya makohozi inapaswa kuwa nao kati ya 5,000 na 10,000. Mgonjwa mwenye virusi vya Ukimwi mara nyingi hukohoa bakteria wachache kuliko hao. Hili liliwatesa madaktari wa magharibi mwa Kenya katika miaka ambayo magonjwa hayo mawili yalishikana mikono: mgonjwa alidhoofika huku karatasi ya maabara ikisema hana kitu.

Hapo ndipo hadubini ya mng'aro ilipoleta nafuu. Makohozi hupakwa rangi ya auramini, ambayo ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa kwa manjano na kijani dhidi ya giza. Badala ya kutafuta kijiti chekundu kwa ukuzaji wa mara 1,000, mtaalamu hutazama eneo kubwa zaidi kwa ukuzaji wa mara 200 au 400, na bakteria hujitokeza kama nyota. Zamani taa ya hadubini hiyo ilikuwa ya zebaki, ghali, yenye joto kali, na ya kubadilishwa kila baada ya saa 200 au 300 za matumizi. Kuja kwa taa ndogo za LED, zinazodumu kwa maelfu ya saa na zinazoweza kuendeshwa kwa betri, kuliifanya mbinu hiyo ifae hata hospitali za mashambani. Mwaka wa 2011, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hadubini za LED zichukue nafasi ya zile za zamani, likisema hugundua wagonjwa wengi zaidi.

Ni kweli kwamba mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na shirika hilo mwaka wa 2010, sasa ndiyo hutegemewa kugundua kifua kikuu na usugu wa dawa. Lakini mashine hiyo hutambua chembechembe za urithi za bakteria, walio hai na waliokufa. Kwa mgonjwa aliye katikati ya matibabu, swali ni kama bakteria wanapungua, na hapo slaidi ya makohozi ingali na kazi.

Kala-azar na saratani ya taya

Katika Baringo, Pokot Magharibi na Turkana, usubi hueneza kala-azar, ugonjwa unaovimbisha wengu na ambao bila dawa karibu kila mara huua. Kipimo cha haraka kipo, ila kwa mgonjwa aliyewahi kuugua au mwenye Ukimwi hakitoshi. Hapo daktari huchota majimaji ya wengu au uboho, na mtaalamu hutafuta vimelea vya mikromita 2 hadi 4 ndani ya seli. Kuchoma wengu kwa sindano kunaweza kusababisha kuvuja damu tumboni. Mgonjwa akikubali hatari hiyo, halafu slaidi ikaharibika kwa rangi iliyochina au ikasomwa kwa lenzi yenye ukungu, ameteswa bure.

Kwa upande wa saratani, Afrika Mashariki ina historia yake. Daktari Denis Burkitt, akiwa Kampala, aliandika mwaka wa 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, saratani ambayo leo ina jina lake na ambayo hupatikana pia katika maeneo ya magharibi mwa Kenya yenye malaria. Chini ya hadubini, seli zake za buluu iliyokolea zimejaa pamoja, na kati yake mna madoa meupe ya seli zinazosafisha mabaki. Wanapatholojia huiita anga yenye nyota. Saratani hii hukua kwa kasi kuliko karibu zote, na pia husikia dawa upesi. Mtoto anayechelewa kwa majuma machache akisubiri slaidi isomwe hupoteza muda ambao haurudi.

Slaidi ya saratani ina safari ndefu kabla ya kufika kwenye lenzi. Nyama hulowekwa kwenye fomalini, hukaushwa maji kwa pombe, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa kwa wembe wa mashine vipande vya mikromita 3 hadi 5, kisha hupakwa rangi ya zambarau na ya waridi. Kosa katika hatua yoyote haliwezi kurekebishwa na hadubini, hata iwe ya bei gani.

Aina nyingine, kwa ufupi

Hadubini ya awamu huonyesha seli hai zisizopakwa rangi. Hadubini iliyopinduliwa, ambayo lenzi zake ziko chini ya sampuli, hutumiwa kutazama seli zinazokuzwa ndani ya vyombo. Hadubini ya mwanga uliopangwa hutambua fuwele na nyuzi. Ni chombo cha kufaa katika mji wenye kiwanda cha nguo cha Rivatex, ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka wa 2007, kwa kuwa pamba na nyuzi za viwandani hazifanani zikimulikwa hivyo. Mtaalamu wa kilimo anayechunguza kutu ya ngano hutosheka na hadubini ya kawaida kutazama mbegu za kuvu.

Konfokali ni jambo jingine. Hiyo humulika sampuli kwa leza nukta moja baada ya nyingine, na kupitia tundu dogo huzuia mwanga wote usiotoka katika tabaka linalotazamwa. Kompyuta hukusanya tabaka hizo na kuunda umbo lenye kina. Bei yake hufikia mamia ya maelfu ya dola, mbali na mkataba wa matengenezo. Juu zaidi ziko hadubini zilizovuka kikomo cha Abbe, ambazo wavumbuzi wake, Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2014.

Kwa nini ziwe za pamoja

Vyuoni kote Afrika Mashariki kuna kisa kinachofahamika. Mradi wa miaka mitatu hununua hadubini nzuri. Hufungiwa ofisini mwa msimamizi wa mradi. Fedha zikiisha, hufunikwa kwa kitambaa. Balbu ikiungua hakuna wa kuinunua. Na mwanafunzi wa uzamili aliye mlango wa tatu hupeleka sampuli zake ng'ambo, akasubiri miezi.

Maabara ya pamoja huondoa umiliki huo. Hadubini huwa za taasisi, hukaa katika chumba kimoja chenye giza na ubaridi usiobadilika, juu ya meza isiyotikisika, na huwa na mtaalamu wa kudumu. Mtaalamu huyo ndiye nguzo ya huduma. Mtafiti hukutana naye kabla ya jaribio kuanza, si baada ya slaidi kuharibika. Hufunzwa na kupimwa kabla ya kuruhusiwa kugusa chombo peke yake. Hujiandikisha saa zake katika daftari au kwenye kompyuta, na hulipa ada kwa saa. Kwa kawaida ada huwa ya ngazi: wa ndani ya taasisi hulipa kidogo, wa vyuo vingine zaidi, kampuni zaidi tena. Fedha hizo hununua balbu, mafuta na huduma ya fundi. Huduma nyingine ni kupima picha kwa programu za kompyuta, kama vile kuhesabu seli au kupima ukali wa mng'aro, na kuhifadhi picha asilia zisizoguswa ili mwingine aweze kuzihakiki.

Kwa maoni yetu, ada ndiyo sehemu inayopingwa sana na inayofaa kutetewa sana. Chombo cha bure huharibika bure.

Mtafiti anayetumia sampuli za binadamu Eldoret hana budi kupata kwanza idhini ya kamati ya maadili ya hospitali na Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na leseni ya tume ya kitaifa ya sayansi, NACOSTI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2013. Slaidi inayosomwa kwa ajili ya kumtibu mgonjwa ni suala tofauti: hiyo husomwa na mtaalamu aliyesajiliwa kisheria, na haifai kusubiri foleni ya watafiti. Maabara inayohudumia pande zote mbili hutenga saa au vyombo mapema, vinginevyo wagonjwa na tasnifu hugombania kiti kimoja.

Kwa kazi zinazohitaji vyombo visivyopatikana nchini, Chuo Kikuu cha Cape Town kina kituo cha Mpango wa Hadubini wa Afrika ambacho hupokea watafiti wa bara zima bila malipo. Tanzania nayo imekwenda njia nyingine: mafundi wa Dar es Salaam, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza na Taasisi ya Afya ya Ifakara, wametengeneza hadubini ya OpenFlexure, ambayo sehemu zake nyingi huchapwa kwa plastiki, hivyo kipande kikivunjika huchapwa kingine papo hapo.

Utunzaji

Adui wa hadubini katika nchi zetu ni vumbi, unyevu, mafuta na umeme. Unyevu huotesha kuvu juu ya lenzi, na nyuzi zake zikishachimba kioo haziondoki; ndiyo maana hadubini isiyotumika huhifadhiwa katika kabati yenye balbu ndogo inayowaka au chembe za kunyonya unyevu. Kifuniko cha plastiki huzuia vumbi lakini hufungia unyevu ndani. Katika msimu wa mvua ndefu za Uasin Gishu, kitambaa ni afadhali.

Mafuta hufutwa kila mwisho wa kazi kwa karatasi laini ya lenzi, si kwa pamba wala pindo la koti jeupe. Kiyeyusho kikali kikitumiwa kwa wingi hulegeza gundi inayoshika vioo ndani ya lenzi. Mwangaza hupunguzwa kabla ya kuzima taa, na umeme ukipotea swichi huzimwa, kwa sababu ule mshtuko wa kurudi ndio huunguza balbu na vifaa vya leza. Hadubini hubebwa kwa mikono miwili, mmoja ukishika mkono wake na mwingine ukiwa chini ya kitako. Lenzi ya mara 40, isiyotumia mafuta, ndiyo huchafuka zaidi, kwani mtumiaji huizungusha ikapita juu ya mafuta yaliyoachwa na lenzi ya mara 100. Mtaalamu akilalamika kwamba slaidi zote za asubuhi zina ukungu, fundi huanza na lenzi hiyo.